Kutikisa Mashua Bila Upepo

Nilirudisha funguo za banda la mashua wiki tatu zilizopita, na tangu hapo vijana wa kituo wamenipigia simu mara kumi na moja kuuliza mambo niliyodhani nimewafundisha. Ile gundi ya mbao inakaa wapi. Kwa nini mashua namba nne hupenda kwenda kushoto. Mwishowe Kulwa, aliyeshika nafasi yangu, aliniambia kwa heshima zote kwamba ingekuwa nafuu kwa kila mtu kama ningeandika. Basi naandika. Habari za kupandishwa vyeo zimo kwenye faili langu ofisini, anayezitaka akazisome huko. Hazitamchukua muda.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha vijana kuendesha mashua ndogo za tanga kwenye bwawa la maji nje ya mji wa Tabora. Watu nikiwaambia hivyo hucheka kwanza, halafu huniuliza bahari iko wapi. Bahari iko mbali. Lakini bwawa lipo, na mradi mmoja uliokuja ukaondoka ulituachia mashua sita za mbao, kila moja ya kukaliwa na mtu mmoja, yenye mlingoti mmoja na tanga moja. Kituo chetu cha mafunzo kilikuwa tayari kinafundisha ushoni na useremala. Mashua zikaongezwa hapo hapo, na ikatafutwa mtu wa kuzisimamia.

Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa makosa. Nimezaliwa Usoke, kwa wakulima wa tumbaku. Maji mengi niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa ndani ya pipa la kunyweshea miche. Nilikuwa na cheti cha ualimu wa michezo, na barua ya ajira ilisema "mwalimu wa michezo" bila kusema zaidi, kwa hiyo nilifika na filimbi shingoni na mpira kwapani. Nilipouliza uwanja uko wapi, nikaonyeshwa bwawa.

Bi Zuhura alikuwa amekaa juu ya gunia mlangoni mwa banda, tanga limemfunika magoti, anashona kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta ya nyuki. Alikuwa fundi cherehani pale mjini, na mara ya kwanza aliitwa kituoni kuweka kiraka tu. Kumbe alizaliwa Ujiji, akakua akivuka ziwa na kaka zake, na alipoona jinsi watu wa mradi walivyofunga zile kamba hakuweza kunyamaza. Hakuondoka tena. Kwenye karatasi alikuwa fundi wa matanga. Kwa vitendo, kila mtu pale aliendesha mashua kama alivyoambiwa na yeye.

Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akautazama mpira wangu, akaniambia niuweke chini nipande mashua pamoja naye. Nikamweleza kwamba sijui kuogelea. Akanipa jaketi okozi, akasema hajaniambia niogelee.

Tulipoachana na ukingo, upepo haukuwepo kabisa. Moshi wa jiko la mama lishe ng'ambo ulipanda wima kama nguzo. Tanga lilining'inia kama shuka iliyoanikwa. Nilifurahi kimoyomoyo, nikijua sasa tutarudi. Bi Zuhura akasimama, akakusanya gauni lake akalifunga kiunoni, akashika kamba ya tanga kwa mkono mmoja na mpini wa usukani kwa mwingine, akaanza kuyumba. Aliegemea kushoto mpaka ukingo wa mashua ukakaribia kunywa maji, akajirudisha kulia, akaegemea tena, bila haraka, kama mtu anayetwanga. Kila alipojirudisha, tanga lilipiga hewa kwa mshindo laini na mashua ikachupa mbele. Maji yakaanza kulia chini ya mbao. Nikatazama nyuma nikaona tumeacha mstari wa mapovu juu ya maji yaliyolala. Nilishtuka mpaka nikainama kuchungulia chini ya kiti.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Injini, mama."

"Injini umeiamkia sasa hivi pale bandani."

Tulivuka bwawa zima na kurudi. Hakuhema sana. Mimi niliyekaa tu ndiye niliyeshuka nikihema, na usiku ule sikuacha kujiuliza nimeona nini.

Nilichokuwa nimekiona nilikuja kukielewa polepole, kwa michubuko mapajani. Tanga ni kama upepeo. Upepo usipolijia, basi lenyewe lipelekwe kwenye hewa. Mashua ikilala upande mmoja na kuinuka, tanga linafagia hewa na kuisukuma nyuma, na mashua inakwenda mbele. Siri iko kiunoni. Kila anayeanza hutumia mabega, na akitumia mabega mashua inatetemeka pale pale kama mbuzi aliyefungwa. Ukishusha uzito kiunoni, ukaiacha mashua ikamilishe kulala kabla ya kuirudisha, ukavuta kamba ya tanga kidogo wakati ule ule inapoinuka, utaisikia imekubali. Bi Zuhura hakuwa na maneno mengi ya kueleza haya. Alinishika kiuno kwa mikono miwili kama mtoto anayefundishwa kutembea, akanisukuma huku na huku mpaka nikaelewa. Baadaye nikajifunza na kuogelea, kwenye kina cha magoti, mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe, ambao hawakujizuia kucheka.

Bwawa letu limezungukwa na miombo na vilima vidogo, na asubuhi nyingi upepo haufiki chini. Kwa hiyo mashindano yetu ya Jumamosi yalikuwa mashindano ya kutikisa. Filimbi ikilia, mashua sita zinaanza kuyumba kama walevi sita, na anayetikisa vizuri ndiye anayeshinda. Niliwapanga wanafunzi kwa nguvu za kiuno. Nilijiona mwalimu hodari. Miaka minane nilijiona hivyo.

Kulwa alifika katika miaka hiyo, akitoka Bukene, ambako baba yake alikuwa na duka dogo karibu na stesheni. Alikuja kusomea ushoni. Bi Zuhura alimwona akipita juu ya ubao mwembamba wa gati letu na ndoo mbili za maji, moja kichwani na moja mkononi, bila kumwaga, akamwacha aweke ndoo chini kisha akampeleka moja kwa moja kwenye mashua. Mwaka haukuisha kabla hajamshinda kila mtu, mimi nikiwemo. Alikuwa mwembamba na mkimya, na alipotikisa hukusikia kitu ila tanga.

Ndipo tukaalikwa Mwanza, kwenye mashindano ya mashua za aina yetu. Wenyeji walikuwa na mashua za kutuazima, sisi tulete watu tu. Nilichukua wanne. Treni iliposimama Bukene, wazazi wa Kulwa walikuwa wamesimama stesheni na kikapu cha karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na baba yake aliniomba nisimwache binti akanywa maji ya ziwa. Nilimwahidi mengi zaidi ya hayo. Nilimwambia atarudi na kikombe.

Asubuhi ya mbio za kwanza ziwa lilikuwa limetulia, kuna upepo wa kujipumulia tu. Nilisimama ufukweni nikasugua mikono. Hii ilikuwa hali ya hewa yetu. Mbio zikaanza, wenzetu wakakaa ndani ya mashua zao kimya, wamejikunja, hawasogezi hata kidole, na wanne wa kwangu wakaanza kuyumba na kuwaacha. Wakati huo huo nikasikia filimbi, halafu nyingine. Boti la waamuzi lilikuwa nyuma ya Kulwa, na mwamuzi ameinua bendera ya njano akimwonyesha kidole. Kulwa aliniambia baadaye kwamba alidhani anashangiliwa, akaongeza kasi. Filimbi ya pili ikamtoa kwenye mbio. Kabla hawajafika kwenye boya la kwanza, wote wanne walikuwa wametolewa.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mrefu, mpole wa kuongea. Alinijia mwenyewe ufukweni, akanikuta nimekaa mchangani. Aliniuliza wanafunzi wangu wamefundishwa na nani. Nikasema na mimi. Akaketi mchangani kando yangu, nadhani alikuwa ananihurumia.

"Mwalimu," akasema, "yule binti hasafiri kwa tanga. Anapiga kasia kwa mwili wake."

Akanieleza. Katika mashindano ya mashua za tanga, upepo na maji ndivyo vinavyosukuma. Mwili unaruhusiwa kuisawazisha mashua na kuisaidia kugeuka, hauruhusiwi kuwa injini. Kutikisa mfululizo, kupigapiga tanga, kujirusha mbele na kusimama ghafla, yote ni makosa, na ni makosa dunia nzima. Nilimsikiliza nikijiona kama mtu anayeambiwa kwamba jina aliloitwa tangu utoto si lake. Miaka minane. Kila Jumamosi. Nilikuwa nimefundisha kosa, na nimewazawadia waliokosa vizuri zaidi.

Kulwa hakulia mpaka treni ilipokaribia Bukene. Hapo akaomba abaki upande usioelekea stesheni.

Niliporudi nilimweleza Bi Zuhura yote, nikitegemea ashtuke kama mimi. Hakuacha kushona. Aliniambia kwamba Ujiji hakukuwa na filimbi, upepo ukikata katikati ya ziwa na watoto wamo ndani, watu walitikisa wakafika nyumbani, na hakuna aliyewahi kuuliza ni kosa la nani.

Yule mwamuzi aliniandikia kanuni kwa mkono, kurasa tatu, nikaanza upya. Ninyi mliokuja baadaye mlikuta mambo haya ni ya kawaida, lakini kwangu kila ukurasa ulikuwa mshtuko mpya, maana nilikuta mwili unaruhusiwa mengi kuliko nilivyodhani, ila kwa adabu. Upepo ukiwa mkali, unabana miguu kwenye mkanda ulio chini ndani ya mashua na kutoa mwili mzima nje ya ukingo, mgongo juu ya maji, ili mashua isilale. Hiyo ni halali, hata ukifa kwa maumivu ya mapaja. Upepo ukiwa haba, unasogea mbele ili kisigino cha mashua, yaani sehemu ya nyuma, kitoke majini, na unailaza kidogo upande tanga liliko ili tanga lishike umbo kwa uzito wake, kisha unatulia kama jiwe. Na wakati wa kubisha, yaani kugeuza pua ya mashua kuuvuka upepo, unaruhusiwa kuilaza mara moja na kuinyoosha mara moja. Unajiegemeza mpaka mashua inakulalia, tanga linapita juu ya kichwa, unahamia upande wa pili na kuikanyaga inyooke. Ukifanya vizuri, mashua inatoka kwenye kona bila kupoteza mwendo. Ukiongeza mara ya pili, umepigiwa filimbi.

Kulwa aligoma mwezi mzima. Alisema hawezi kukaa ndani ya mashua kama mgonjwa. Halafu siku moja alibisha mara moja, safi, mbele ya macho yangu, na mashua ikatoka pale kama imesukumwa na mkono. Akaangalia nyuma yake kuona ni nani. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya pili Mwanza bila filimbi hata moja, na baba yake akapanda treni Bukene akaja naye mpaka Tabora, ili tu apate muda wa kutosha wa kunisimulia mimi habari ambayo nilikuwepo inapotokea.

Mafanikio hayo yaliniharibu. Niliandika kwenye ubao wa banda kwa rangi nyekundu: KUTIKISA NI MARUFUKU. Si kwenye mbio tu; kokote, wakati wowote, hata kurudi gatini upepo ukikata. Aliyeonekana anatikisa alisugua mashua zote sita. Niliogopa kwamba mwili ukishazoea utasahau mahali pa kuacha, na sikutaka kukaa tena mchangani na kuonewa huruma. Makasia nayo niliyatoa, maana mashua ya mbio haibebi uzito usio na kazi. Bi Zuhura alisoma ule ubao siku ya kwanza, akaniita pembeni. Ni mara pekee aliyonisema kwa ukali.

"Wafundishe pa kuacha, Maganga. Usiwafundishe kutojua."

Nilimjibu kwamba nyakati zimebadilika. Hakunirudia tena jambo hilo. Alifanya kazi nasi miaka mingine sita, macho yakamchoka, akafariki nyumbani kwake mjini kwa maradhi ya moyo. Tulimzika na vijana wengi kuliko ndugu. Kulwa alikuwa amekwisha kuwa msaidizi wangu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa siku ya kazi, mchana, bwawa limejaa baada ya mvua nyingi. Vijana saba walikuwa majini wakijifunza kuzunguka maboya kwa mashua nne, wengine wawili wawili wakipokezana usukani. Mimi na Kulwa tulikuwa bandani. Injini ya boti la uokoaji ilikuwa mezani, imefunguliwa, kila kipande juu ya gazeti. Aliyetoa ruhusa ifunguliwe siku ya mafunzo ni mimi.

Ng'ambo ya bwawa kuna kijiji cha warina asali. Mzee Kasele alikuwa anavuka kuja upande wetu na mtumbwi, yeye na mkewe, tunayemwita Mama Nyamizi, na binti yao Nyamizi, na shemeji yake mzee, wamepakia madebe ya asali ya kupeleka sokoni. Wingu moja likapita na upepo wa ghafla, wa dakika mbili hivi, ule unaotangulia mvua. Mashua zetu ziliyumba zikakaa sawa. Mtumbwi ukapinduka. Kisha wingu likapita bila kunyesha, na upepo ukakata wote, hakuna hata wa kutikisa jani.

Nilisikia kelele nikatoka mbio mpaka gatini. Niliona vichwa vinne na tumbo la mtumbwi. Mashua yangu ya karibu zaidi ilikuwa kama hatua mia moja kutoka kwao. Ndani yake alikuwamo Hamisi, mwanafunzi wangu bora wa mwaka ule, na wengine hawakuwa mbali naye. Na wote walikuwa wamefanya kile nilichowafundisha wafanye upepo ukikata. Wamesogea mbele, wamezilaza mashua kidogo, wametulia kama mawe, wanasubiri upepo.

Nikapaza sauti watikise. Kwenye maji yaliyotulia sauti huenda mbali, najua walinisikia. Waligeuka wakanitazama. Hamisi akanijibu, na sauti yake ilikuja wazi kabisa.

"Mwalimu, ni marufuku."

Hakuwa na kiburi. Alidhani namjaribu. Nikapiga kelele tena, na safari hii wakaelewa, wakaanza. Walitikisa kwa mabega. Mashua zikatetemeka pale pale, matanga yakipigapiga ovyo, mashua moja ikageuka ikaelekea nyuma. Hakuna hata mmoja aliyejua. Nilikuwa nimehakikisha hivyo.

Kulwa alikuwa amekwishapita kando yangu. Aliingiza mashua majini, akasimama ndani yake, akashusha kiuno. Alikuwa na miaka mingi hajatikisa, na ni mama wa watoto wawili, lakini mashua ilimkubali pale pale. Nikamfuata kwa nyingine, mzito na mwenye umri, nikasikia mgongo ukilalamika na mashua ikienda. Tulikuwa mbali mara nne kuliko Hamisi. Tukampita Hamisi. Akatutazama tukipita, mdomo wazi, kama nilivyoshangaa mimi siku nilipotafuta injini. Ndipo akajitupa majini aogelee, na jaketi lake likimzuia kila mkono.

Kulwa aliwafikia Mama Nyamizi na binti yake wakiwa wameng'ang'ania mtumbwi, na shemeji akiwa ameshika debe lililokuwa linajaa maji. Mzee Kasele hakuwepo. Mkewe alikuwa akionyesha mahali, anaonyesha tu. Nilipiga mbizi pale mpaka Hamisi na Kulwa waliponitoa kwa nguvu. Wavuvi walimpata kesho yake asubuhi.

Taarifa ikaandikwa. Wakubwa walikuja, wakatazama bwawa, wakatupongeza kwa kuwaokoa watatu. Injini ilitajwa, nikaonywa kwa barua. Ubao mwekundu haukutajwa na mtu, ingawa walisimama mbele yake wakinywa soda. Walipoondoka nilibaki na Kulwa bandani. Nilimwambia kwamba kama wale vijana wangejua, wangefika. Nilitaka, nadhani, aniambie kwamba hatuwezi kuwa na uhakika.

"Wangefika, mwalimu," alisema, akaendelea kukunja tanga.

Baada ya matanga ya msiba kuanuliwa nilivuka kwenda kuwapa pole tena, peke yangu. Mama Nyamizi alinipokea uani. Tulisalimiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akanipa kiti na chai. Binti alikuwa anaosha vyombo. Mama ndiye aliyeanza kuwazungumzia wanafunzi wangu. Alisema amesikia wanateseka, Hamisi halali, na akaniomba nisiwagombeze.

"Niliwaona wametulia tu," alisema. "Lakini mashua ya tanga bila upepo ingefikaje?"

Ningeweza kumaliza chai yangu nikaenda. Hakuna mtu kijijini aliyejua, na Kulwa asingesema.

"Ingefika, mama," nikasema.

Akanitazama. Akaniuliza mbona basi haikuja. Nikamwambia kwamba vijana hawakujua namna ya kuileta, na hawakujua kwa sababu niliwakataza kujifunza, kwa ajili ya mashindano.

Nyamizi aliacha kuosha. Mama yake akanyanyuka, akachukua kikombe mkononi mwangu kikiwa bado na chai nusu, akaingia nacho ndani. Nilikaa pale sijui kwa muda gani. Shemeji ndiye aliyetoka akanisindikiza mpaka njiani.

Wiki ile ile nilikwangua ule ubao kwa kisu. Tangu hapo, na ninaandika hili ili lisibadilishwe na mtu kwa sababu ya kikombe chochote, kila mwanafunzi hutikisa kwanza. Wiki ya kwanza, asubuhi isiyo na upepo, anavuka bwawa zima kwa kiuno chake na kurudi. Akishaweza ndipo anafundishwa kutulia, na anafundishwa ni wapi na kwa nini. Kila mashua ina kasia lililofungwa ndani. Injini haifunguliwi mtu akiwa majini. Mashindano mawili yaliyofuata tulipigiwa filimbi mara tano. Nilikaa mchangani na kuzihesabu bila wasiwasi.

Miezi ikapita, mavuno yakaisha. Asubuhi moja natoka bandani nikamkuta Mama Nyamizi amesimama gatini, kanga imefungwa kiunoni, Nyamizi nyuma yake. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema hakuja kuzungumza yale ya uani.

"Mizinga ya marehemu iko kotekote kando ya bwawa hili," alisema. "Navuka kila wiki, na kila nikivuka naogopa. Nifundishe hiyo uliyowakataza vijana wako."

Tulianza na kuogelea, kwenye kina cha magoti, na safari hii hakuna aliyecheka. Nyamizi alijifunza kwa wiki moja. Mama yake ilimchukua miezi mitatu kukubali kulaza uso majini. Kisha mashua. Alikuwa mzito wa kuamini, kila mashua ilipolala alishika mlingoti, lakini kiuno chake kilijua kutwanga na hatimaye kikaelewa. Katika muda wote huo hakuniambia zaidi ya salamu na maswali ya kazi. Nilipomwelekeza alifanya. Nilipomsifu alitazama pembeni.

Alivuka peke yake wiki yangu ya mwisho kazini. Hakukuwa na upepo. Kituo kilikuwa kimekubali kumwazima mashua moja, na Kulwa alitaka kumfuata na boti. Mama akakataa. Kulwa akaliacha boti likinguruma gatini, mkono kwenye injini. Mama Nyamizi alisimama, akaanza, na mashua ikaenda, si upesi, lakini sawasawa. Hamisi, ambaye sasa naye ni mwalimu, alikuwa anahesabu miyumbo yake kwa sauti ya chini.

Karibu na katikati akaacha. Mashua ikapunguza mwendo, ikasimama. Sote tulijua mahali pale. Akaketi. Hamisi akaacha kuhesabu, na mimi nikagundua kwamba kiatu changu kimoja kilikuwa tayari ndani ya maji. Kulwa alinitazama kuniuliza kama aende. Nikamwashiria angoje, bila kujua kama nafanya vema.

Alikaa pale muda mrefu, ameinamisha kichwa, mashua ikijigeuza polepole. Kisha akasimama, akairudisha pua ilikokuwa inaelekea, akashusha kiuno. Tanga likapiga hewa. Tulimtazama mpaka mashua ilipogusa tope la ng'ambo, na Nyamizi, aliyekuwa akimngoja huko, akaishika. Mama yake hakugeuka kututazama. Alifunga kamba kwenye kisiki, akajitanda kanga, akashika njia ya kwenda kwenye mizinga.